Shubiri Moja Chini ya Mwanzo

Sikilizeni basi, mradi msiniulize njia. Fundi Chibago alifikaje nchi ya Jumlani, alipanda nini, alilala wapi, hayo si maneno yetu. Alifika. Alikuwa mchimba visima, mtu wa Mpwapwa, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na aliyemwita huko ni mwanamke mmoja aitwaye Bi Milka, wa kijiji cha Shinari, ambacho kisima chake kilikuwa kimekauka. Hilo tu ndilo lililomtoa kwao. Angejua anakwenda kukutana na watu wa namna gani, nadhani angegeuza na sururu yake akaendelea kuchimba mashimo ya vyoo.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa vibati. Kila kitu Jumlani kina kibati, kipande cha bati kilichogongwa mwaka ambao kitu hicho kilianza kuwapo, kwa kuhesabu tangu dunia iumbwe. Mlima una kibati. Daraja lina kibati. Kuna mbuzi wana vibati. Penye ukuta wa soko Chibago aliona jiwe lenye alama za kombe la pwani, lile gamba la baharini, safi kabisa, mistari yake yote ikionekana, na chini yake kibati: Mwaka 1656, Gharika. Akauliza kombe limefikaje huko bara. Akajibiwa kwamba swali hilo lilifungwa zamani.

Mwaka wenyewe wanaupataje? Kwa kujumlisha. Wanachukua Kitabu, wanaanza na mtu wa kwanza, wanaandika alikuwa na miaka mingapi alipomzaa mwanawe, na mwana alipomzaa mjukuu, mpaka mwisho, kisha wanapiga mstari chini. Kujumlisha si dhambi, na mimi Kitabu nakiheshimu kama anavyokiheshimu mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Lakini wale watu, jamani, walikuwa wameacha kila kitu kingine kilichomo humo, mjane, yatima, mgeni mlangoni, vyote, wakabaki na umri wa wazee. Na kazi hiyo waliifanya kwa bidii ya ajabu. Mtu hajui mvua imenyesha lini mara ya mwisho, lakini muulize Yaredi alimzaa Henoko akiwa na umri gani, atakujibu huku anatafuna.

Chibago alipokuwa akipita sokoni, muuza ndizi alimtupia neno moja: "Tera?"

Chibago akadhani ni salamu ya huko. "Salama," akajibu.

Soko zima likamgeukia. Bi Milka, aliyekuja kumpokea, akamshika mkono akamvuta pembeni haraka haraka.

"Usirudie tena, fundi," alimwambia. "Hapa ukiulizwa Tera, unajibu sabini, au unajibu mia na thelathini. Ni umri aliokuwa nao Tera alipomzaa Abramu. Wako wanaosema sabini, kwa sababu imeandikwa alipofika sabini akawa na wana. Wako wanaosema mia na thelathini, kwa sababu Tera alikufa na miaka mia mbili na mitano, na Abramu akahama akiwa na sabini na mitano, wao wanasema alimzika baba kwanza. Toa, utapata. Tofauti ni miaka sitini. Kuna ndoa zimevunjika kwa miaka hiyo sitini. Unaona ile hoteli ya chai ina milango miwili?"

"Naiona. Na wewe mama, uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa maji."

Chibago akampenda hapo hapo.

Shinari kilikuwa mwendo wa saa tatu kutoka mjini, katikati ya uwanda mkavu mweupe. Kisima kilipokauka watu walihamia kunywa kwenye bwawa la ng'ombe, na bwawa lile, niwaambieni, ng'ombe mwenyewe alikuwa akilifikiria mara mbili. Kiangazi kilichopita mume wa Bi Milka alikufa kwa tumbo. Sasa binti yake wa pekee, Naama, alikuwa amelala ndani wiki ya pili, tumbo hilo hilo, midomo imempasuka, macho yameingia ndani.

"Sina maneno mengi," Bi Milka alisema. "Ukinipatia maji safi mapema, nina mtoto. Usiponipatia, sina. Naogopa, fundi. Naogopa mpaka usingizi umenikimbia."

Chibago alivua shati akashuka kisimani.

Uwanda ule zamani ulikuwa chini ya ziwa, na udongo wake umekaa tabaka juu ya tabaka, jembamba jeupe la kiangazi na jembamba jeusi la masika, kama chapati zilizopangwa. Jeupe na jeusi ni mwaka mmoja; hilo hata watu wa Jumlani hawakulikataa. Walilipenda mno. Waliligeuza sheria. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakuna anayeruhusiwa kuchimba Jumlani bila Karani wa Tabaka kushuka naye, akiwa na sindano ya mfupa, akihesabu mwaka mmoja mmoja kwenye ukuta wa shimo. Karani wa Shinari aliitwa Pelegi, mtu mwembamba mwenye makengeza kidogo kwa sababu ya kazi, na hakuwa mtu mbaya. Alishuka ndani ya ndoo, akachomoa sindano, akaendelea pale walipoachia wenziwe waliomtangulia.

Siku ya nne, kwenye pima ya kumi na tatu, Chibago aliona ukuta unatoa jasho. Aliuweka shavu. Akanusa. Harufu ya mchanga mbichi ilikuwa inapanda kutoka chini, na harufu ile haimwongopei mtu wa kazi yake. Akainua sururu.

"Simama!" Pelegi akapiga kelele.

"Kuna nini?"

"Elfu tano mia tisa na sitini na nane." Karani alikuwa amechomeka sindano ukutani. "Tumefika Mwanzo, fundi. Chini ya hapa hakuna kitu. Dunia haijaumbwa."

Chibago akamtazama. Kisha akapiga mguu chini, pu! Udongo ukaitika.

"Na hiki ninachokikanyaga?"

Pelegi aliutazama ule mguu. "Hicho," alisema kwa sauti ndogo, "hakijaamuliwa."

Basi shauri likapelekwa mjini, kwenye Jumba la Jumla, mbele ya Wahesabu sitini na mmoja. Aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Mhesabu Mkuu Serugi, kiongozi wa Sabini: mzee mnene, nadhifu, mwenye sauti tamu, aliyeweza kuwataja wazee wote wa Kitabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo huku anamenya chungwa na ganda lisikatike. Msidhani alikuwa mjinga. Hesabu zake hazikuwa na kosa hata moja. Ndiyo maana alikuwa hatari.

"Unaomba nini?" alimuuliza Chibago.

"Shubiri tatu, mheshimiwa. Maji yako hapo. Shubiri tatu, labda nne."

Ukumbi ukaguna. Serugi akatabasamu kwa huruma. "Shubiri moja ya udongo wa Shinari ni miaka sitini. Shubiri tatu ni miaka mia na themanini. Kijana wangu, unajua unachokiomba? Tukukubalie, tuiweke wapi miaka hiyo? Tumwongezee nani? Kenani? Mahalaleli?"

"Mimi hao siwajui, mheshimiwa. Ninaijua harufu ya mchanga mbichi."

"Harufu," alisema Serugi, akiwageukia wenzake, na wote wakacheka.

Hapo akasimama Nahori, kiongozi wa Mia na thelathini, mtu mrefu mkavu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo miaka ishirini. Akasema mgeni ana haki, si ya shubiri tatu, bali ya moja. Tera alikuwa na mia na thelathini. Kwa hiyo dunia ina miaka elfu sita na ishirini na minane. Kwa hiyo iko shubiri moja halali ya ardhi chini ya kisima cha Shinari, na Sabini wameikalia kwa ukaidi. Alisema hayo kwa muda wa saa mbili na nusu. Neno maji hakulitaja hata mara moja.

Sabini wakajibu kutwa nzima. Nahori akajibu majibu. Siku ya tatu, kwenye benchi la nyuma kabisa, akainuka Reu, mzee aliyevaa koti lenye viraka, ambaye peke yake katika jumba lile alitumia Nakala ya Kiyunani ya Kitabu. Akasema katika nakala yake wazee wengi walizaa wakiwa na umri mkubwa zaidi, hivyo dunia inaongezeka miaka elfu moja na mia tatu na ushei. "Ni kama pima tatu," alisema. "Mwacheni huyu bwana achimbe. Zinamtosha na kubaki."

Chibago akainua kichwa. Bi Milka, aliyeketi ubavuni mwake, akamfinya mkono.

"Na Methusela?" aliuliza Serugi, taratibu kabisa.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Maana kwa hesabu ya ile nakala, Methusela anaishi miaka kumi na minne baada ya Gharika, na kila mtu anajua waliopona safinani walikuwa wanane, na Methusela hakuwamo.

"Alisimama wapi, Mzee Reu?" Sabini walipiga kelele. "Tuonyeshe alipokanyaga!" Na Mia na thelathini nao, waliokuwa wakitukanana na Sabini tangu juzi, wakaungana nao palepale kumzomea.

Huwezi kuamini, lakini walilijadili jambo hilo siku nne. Yuko aliyependekeza kwamba Methusela alikuwa juu ya paa la safina, na hivyo hahesabiwi kuwa ndani. Akaulizwa alikula nini. Yuko aliyesema alishika kamba akaburutwa. Ikaundwa kamati ndogo ya kupima kama mzee wa miaka mia tisa na hamsini na mitano anaweza kushika kamba miezi mitano. Chakula cha mchana kililetwa kwa sinia, na mitungi ya maji, maji ya mjini, safi, yenye vibati, ambayo watu wa vijijini hawagawiwi. Bi Milka aliitazama ile mitungi ikizunguka. Alikuwa amekatazwa kutoka nje kabla shauri halijaisha, kwa kuwa yeye ndiye mdai.

Siku ya saba jirani yake wa Shinari aliingia kwa mlango wa pembeni, kanga imemshuka begani, akamwinamia Bi Milka sikioni. Chibago hakusikia kilichosemwa. Alimwona tu Bi Milka akisimama, na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Waheshimiwa," alisema. "Naama, binti yangu, amefariki."

Nitawapa haki yao: walinyamaza. Serugi akaweka chungwa chini, akasema, "Pole, mama. Pole sana," na nadhani alimaanisha. Kisha karani wa jumba, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga vibati vya makaburi, akakohoa, akauliza kwa adabu zote:

"Samahani mama. Amefariki mwaka gani? Kwa hesabu ya Sabini, au kwa hesabu ya Mia na thelathini?"

"Amefariki leo," alisema Bi Milka.

Akatoka, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Kura ilipigwa jioni ile. Msidhani ni kwa ajili ya Naama. Sabini wawili walikuwa wamevimbiwa na pilau ya mchana wakaenda kujilaza, Nahori akahesabu vichwa, akaona nafasi yake, akadai kura palepale. Thelathini kwa ishirini na tisa. Miaka sitini ikaongezwa kwenye umri wa dunia, Mia na thelathini wakabebana mabegani wakaimba mpaka sokoni, na Chibago akapewa karatasi yenye muhuri: Shubiri Moja.

Walimzika Naama asubuhi. Adhuhuri Chibago alikuwa chini, na Pelegi ubavuni mwake na sindano. Udongo ulizidi kuwa mzito, ukaanza kushika sururu, ukaanza kunata mikononi. Shubiri ikaisha.

"Elfu sita na ishirini na nane," alisema Pelegi.

Sururu ikasimama. Juu kabisa, kwenye mdomo wa kisima, Bi Milka alikuwa amekaa na kitambaa cha msiba kichwani, anatazama chini. Pelegi alimwona. Akageukia ukuta. Chini ya sindano yake ulikuwa mstari mweupe, na chini yake mweusi, na chini yake mweupe tena, safi, sawasawa, kama ile elfu sita aliyoihesabu juu. Hapakuwa na mahali palipokatika. Aliinama, akaifuata mistari kwa kidole mpaka kidole kikazama kwenye tope, na bado ilikuwa inaendelea.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii," alisema. "Sikuwahi kuangalia chini ya pale niliposimamishwa. Ilikuwa marufuku, nami nikaona ni sawa."

Halafu akaifungua mikono. Sindano ya mfupa ikaanguka kwenye tope, naye akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikapotea.

"Lo!" alisema kwa sauti kubwa, ili wasikie walioko juu. "Sindano ya serikali imepotea! Bila sindano siwezi kuhesabu, na mahali ambapo hapajahesabiwa hapana mwaka wa kuvuka. Fundi, itabidi uchimbe tuitafute. Sheria inataka itafutwe."

"Nichimbe mpaka wapi?"

"Mpaka uione, ndugu yangu. Na usiwe na haraka ya kuiona."

Chibago aliitafuta ile sindano kama mwendawazimu. Shubiri ya pili. Shubiri ya tatu. Kwenye ya nne sururu ilitoboa mchanga, na maji yakaja, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa nguvu, baridi mpaka mifupa ikauma, yakawafika magotini, yakawafika kiunoni, na wanaume wawili wazima wakawa wanalia na kucheka ndani ya ndoo moja wakivutwa juu.

Habari hazina miguu lakini zilifika mjini kabla ya jua kuchwa, na kesho yake Wahesabu sitini na mmoja walikuja Shinari kuyatolea maji tarehe. Walikuja kwa miguu, maana mnyama asiye na kibati cha safari haruhusiwi barabara hiyo, na vibati vya safari vilikuwa vimekwisha. Saa tatu za mwendo, jua la kiangazi, majoho mazito hadi kifundoni. Walipofika walikuwa wekundu kama pilipili mbivu. Mitungi yao ilikuwa imekauka njiani.

Hata hivyo, kazi kwanza. Serugi alichungulia kisimani, akafunga macho, akajumlisha. Kisha akatoa hukumu, na ilikuwa hukumu nzuri, imenyooka, haina pa kushika. Maji haya yako chini ya mwaka wa kwanza; basi ni maji ya siku ya pili, yalipotengwa maji na maji. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Hivyo mwanadamu hana ruhusa kuyanywa mpaka zipite siku nne. Na kwa kuwa kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu, kisima kitafungwa kwa muda wa miaka elfu nne. Hata Nahori alitikisa kichwa kwa kukubali. Karani wa jumba akatoa kibati na nyundo.

"Sawa, mzee," alisema Bi Milka. "Lakini mmetoka mbali. Kunyweni kwanza."

Akaweka vikombe viwili juu ya ukingo. Kimoja kilikuwa na maji ya bwawa, rangi ya chai ya maziwa, unyasi unaelea, na kando yake kibati: mwaka huu huu, halali. Kingine kilikuwa cha kisima. Kikombe chenyewe kilikuwa kimetoka jasho kwa nje.

"Cha halali ni hiki," alisema, akisukuma cha bwawa. "Ndicho alichokunywa mume wangu. Ndicho alichokunywa Naama. Karibu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Serugi alitazama kikombe cha kwanza, akatazama cha pili. Wenzake sitini walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyepumua.

"Nitaonja," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya uchunguzi."

Akakitwaa cha kisima. Alionja mpaka chini. Alirudisha kichwa nyuma, akagonga kitako cha kikombe kwa kidole ili tone la mwisho lishuke. Alipokishusha kikombe alikuta macho ya wenye kiu sitini yanamtazama yeye, Mhesabu Mkuu, aliyekunywa siku ya pili hadharani. Akili yake ilifanya kazi upesi, kama kawaida yake.

"Andika," alimwambia karani. "Baraza limefika Shinari. Limekagua. Maji hayakupatikana. Kwa kuwa hayakupatikana, hakuna cha kufunga, wala hakuna cha kujadili."

Karani aliandika. Wahesabu wote walishusha pumzi, maana ilikuwa njia safi ya kutokea, na kila mmoja akaanza kusogea kuelekea kisimani. Serugi akamnyooshea Bi Milka kikombe, akitabasamu tena kwa ile huruma yake.

"Niongeze kidogo, mama."

Bi Milka alikipokea. Alikifuta kwa upindo wa kitambaa cha msiba, akakifunika juu ya ukingo, mdomo chini.

"Nikuongeze maji gani, mzee?"

Serugi akaitazama karatasi aliyoandika karani. Watu wa Shinari walikuwa wametoka majumbani mwao wote, wamesimama kuzunguka kisima, na hakuna aliyesogea kuwapisha. Baada ya muda Wahesabu walikusanya majoho yao, wakashika njia ya mjini, saa tatu nyingine, jua likiwa utosini. Chibago aliwatazama mpaka wakawa vidoadoa, kisha akamwomba Pelegi amletee mawe, akaanza kuujenga ukingo upya.